Mzee Anapoanza Kusahau: Nani Aangalie, na Akiona Afanye Nini

Matangazo haya hufanana. Picha ya mzee mwenye kanzu au bibi aliyejifunga khanga, jina, mtaa alikoonekana mara ya mwisho, namba ya simu ya mwanawe, na chini yake maneno "ana tatizo la kumbukumbu". Tangazo linazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp tangu asubuhi, na kufika mchana majibu yameshagawanyika. Mmoja anasema huo ni uzee tu. Mwingine anauliza kama familia imeangalia vizuri, maana huenda kuna mkono wa mtu. Wa tatu anataka kila aliyetimiza miaka 60 apimwe akili kama tunavyopima presha. Wa nne, mara nyingi ndugu aliyeko Ulaya au Marekani, anatuma habari ya dawa mpya ya ugonjwa wa Alzheimer.

Nyuma ya majibu yote manne kuna watu wenye nia njema, na kila jibu lina chembe ya ukweli. Lakini kwa kutegemea jibu gani limefuatwa, mzee yule yule anaweza kuachwa kitandani bila matibabu, kupelekwa kwa mganga, kukaa kwenye foleni ya hospitali ya rufaa miezi kadhaa, au kuangukia mikononi mwa wanakijiji wenye hasira. Ndiyo maana inafaa kuyapima moja moja.

Tunachokijua

Demensia ni hali ambayo uwezo wa akili, yaani kumbukumbu, lugha, kupanga mambo, kupima jema na baya, kujua njia, unapungua hadi mtu anashindwa kuendesha maisha yake kama alivyozoea. Inasababishwa na magonjwa kadhaa. Alzheimer ndiyo inayoongoza, ikichukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaodhani ni maradhi ya Wazungu wanaoishi muda mrefu wamepitwa na wakati.

Kwa upande wetu, kazi iliyofungua njia ilifanyika wilayani Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walipita katika vijiji sita na kuwachunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Baada ya kurekebisha hesabu kulingana na umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia.

Namba hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, ugonjwa upo, tena kwa kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Pili, zaidi ya wazee 93 kati ya 100 hawakuwa nao, ingawa walikuwa wamevuka miaka 70. Kuna jambo la tatu ambalo halizungumzwi vya kutosha: kati ya wagonjwa waliokutwa Hai, karibu nusu walikuwa na Alzheimer, na takriban asilimia 41 walikuwa na demensia itokanayo na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika. Katika wilaya hiyo hiyo karibu wazee saba kati ya kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wachache mno ndio waliokuwa wamelidhibiti. Sehemu kubwa ya tunachokiita kusahau, basi, inaanzia kwenye presha ambayo mtu amekaa nayo miaka ishirini bila kuitibu.

"Ni uzee tu"

Msimamo huu ndio wenye wafuasi wengi, na tusiudharau. Ni kweli akili ya mtu wa miaka 75 haikimbii kama ya kijana. Majina yanachelewa kuja, miwani inatafutwa nyumba nzima, na kazi mbili kwa wakati mmoja zinachosha. Msimamo huu pia unamlinda mzee na aibu: anabaki nyumbani, anaheshimiwa, watoto wanamcheka kwa upendo na maisha yanaendelea. Familia isiyomwita mzee wake mgonjwa inaweza kumtunza vizuri kuliko ile yenye cheti cha daktari na haina subira.

Udhaifu wake ni kwamba unafunga mlango wa kuuliza. Ukishasema ni uzee, hutapima presha wala sukari, hutauliza lini hasa mambo yalianza kubadilika. Mgonjwa wa kwanza ambaye daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliueleza ugonjwa huu kupitia kwake alikuwa mwanamke wa miaka 51 alipolazwa Frankfurt mwaka 1901. Hakuwa ajuza.

Tofauti kati ya uzee na ugonjwa huonekana katika mambo madogo ya kila siku, na kipimo chake bora ni mzee mwenyewe alivyokuwa mwaka juzi. Usimlinganishe na jirani yake. Mzee aliyesahau jina la mgeni kisha likamjia jioni anazeeka. Mzee anayeuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa, na kila mara anauliza kama ndiyo kwanza, ana jambo la kuangaliwa. Mama aliyepika pilau ya harusi kwa miongo mitatu, sasa anasimama mbele ya sufuria hajui vitunguu vinatangulia au mchele, hajazembea. Mpangilio wa kazi umemponyoka. Mwenye duka anayejua bei zote lakini chenji inamshinda. Babu aliyekuwa akitoa pesa kwa wakala mwenyewe, sasa namba ya siri imefungwa mara tatu kwa mwezi. Muumini anayeswali Adhuhuri, akakaa kidogo, kisha akasimama kuiswali tena. Mchezaji bao hodari aliyeacha kwenda barazani bila kugombana na mtu. Kusitasita kwenye njia aliyopita maisha yake yote ni dalili nzito kuliko kusahau tarehe.

Zipo na dalili zinazogeuzwa kuwa ugomvi. Mzee anaficha pesa ndani ya mto, anasahau, kisha anamtuhumu dada wa kazi kuwa mwizi. Dada anafukuzwa, anakuja mwingine, naye anatuhumiwa. Familia inabadilisha wasichana watatu kabla haijajiuliza swali sahihi. Na wale wanaozungumza lugha mbili, kwa wengine Kiswahili kinaanza kufifia na Kichaga, Kisukuma au Kigiriama cha utotoni ndicho kinachobaki, hata mbele ya wajukuu wasiokielewa.

Kinachowadanganya watoto wanaoishi mbali ni salamu. Maamkizi yetu ni marefu na yamekaririwa: marahaba, habari za huko, watoto hawajambo, kazi inaendeleaje, tunamshukuru Mungu. Maneno ya mazoea kama hayo ni kati ya vitu vinavyochelewa kupotea. Mtoto aliyeko Dubai anaweza kuzungumza na mama yake dakika tano kila Ijumaa kwa mwaka mzima akaamini mama yuko sawa, kumbe hakuna hata sentensi moja iliyohitaji kumbukumbu mpya. Muulize amekula nini mchana, au nani alikuja kumtembelea jana.

Mkono wa mtu

Kwa wengi maelezo ya kurogwa au kuingiliwa na majini yana nguvu kwa sababu yanajibu swali ambalo hospitali hailijibu: kwa nini yeye, na kwa nini sasa? Yanaipa familia kitu cha kufanya. Mganga humsikiliza mgonjwa kwa saa nzima, jambo adimu katika zahanati yenye foleni. Na baadhi ya dalili kwa kweli zinatisha. Iko aina ya demensia, ya miili ya Lewy, inayomfanya mgonjwa aone waziwazi watoto wadogo au wanyama chumbani ambao hakuna mwingine anayewaona, apige mateke usingizini akipigana na ndoto, na leo awe na akili timamu, kesho awe amezubaa. Familia ikiona hayo na kufikiria majini, haijakosa akili. Inatumia maarifa iliyonayo. (Wagonjwa wa aina hii wana hatari nyingine hata wakifika hospitali: dawa kama haloperidol, inayotolewa mara kwa mara kutuliza wenye fujo, inaweza kuwakakamaza mwili na hata kuwaua. Mtu wa familia amwambie daktari mapema kuhusu hizo njozi.)

Lakini gharama ya msimamo huu haiishii kwenye kuku na nauli za kwenda kwa mganga. Maelezo yale yale yanayomfanya bibi kuwa aliyerogwa yanaweza kumgeuza kuwa mchawi. Anatembea usiku, anaongea peke yake, anaingia nyumba ya jirani akidhani ni yake, anaonekana alfajiri amesimama uani bila nguo. Kijijini kuna watu ambao wameshauawa kwa mambo kama hayo. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Kilifi mauaji ya wazee yamekuwa mengi kiasi kwamba pale Kaya Godoma, Ganze, pana kimbilio la wazee waliotishiwa na watu wao wenyewe. Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalogombewa.

Hatujui ni wangapi kati ya waliouawa walikuwa wagonjwa, na anayemuua mtu hasubiri uchunguzi. Hata hivyo, pale ambapo mwenendo wa mgonjwa ungeweza kuelezwa na mtu anayeaminika kabla tuhuma haijatoka mdomoni, jina la ugonjwa ni ngao. Viongozi wa dini na wenyeviti wa vitongoji wana kazi hapa kuliko madaktari.

Wapimwe wote?

Msimamo wa tatu unavutia wanaopenda mipango. Tunapima presha, tunapima sukari, kwa nini tusipime akili?

Tufanye hesabu. Chukua wazee 1,000 wenye miaka 70 na zaidi. Kwa kiwango cha Hai, 64 wana demensia na 936 hawana. Tuseme tuna kipimo kizuri, kinachowanasa wagonjwa tisa kati ya kumi na kuwaacha huru wazima 85 kati ya 100. Kitawanasa wagonjwa 58. Lakini kitawatia doa pia wazima 140. Wazee 198 watarudi nyumbani wameambiwa akili zao zina walakini, na zaidi ya theluthi mbili yao si wagonjwa. Kila mmoja wao anahitaji daktari wa kumchunguza upya, na madaktari wenyewe ni wachache na wako mijini.

Nchi zenye madaktari wengi kuliko sisi nazo zimesita. Mwaka 2020 jopo la Marekani linalotoa miongozo ya uchunguzi wa kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza kuwapima wazee wote wasio na dalili. Uingereza pia haipendekezi.

Na kuna swali la kipimo chenyewe. Kile kilichotumika zaidi duniani tangu 1975 kinamtaka mtu aandike sentensi na anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopandana. Ukimpa bibi ambaye hakupelekwa shule, umempima elimu. Hili ndilo lililowafanya watafiti wa Hai na wenzao watengeneze kipimo kinachoitwa IDEA: mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini, anakumbuka maneno aliyosomewa. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu ameshika kiberiti maisha yake yote. Muuguzi anaweza kukitumia kwa muda mfupi, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini kipimo kizuri bado hakihalalishi kumsaka kila mzee. Mahali pake ni pale ambapo mtu ameshaona mabadiliko.

Yanayofanana na demensia

Hoja kubwa ya kutambua mapema imo hapa, na inashangaza kuwa mjadala wetu huipita haraka. Baadhi ya wanaoonekana wana demensia wana kitu kingine kinachotibika.

Swali la kwanza ni la muda. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka, hajui alipo, analala mchana na kupiga kelele usiku, huyo apelekwe hospitali leo leo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka au kiharusi. Demensia ya kawaida hutambaa kwa miezi na miaka. Haivamii usiku mmoja. Mzee anaweza kupata nimonia bila kikohozi kikubwa wala homa kali, na kuchanganyikiwa kukawa ndiyo dalili pekee.

Kisha yako yanayokwenda taratibu. Sonona baada ya kufiwa na mwenzi humfanya mtu asijali, asikumbuke, asiongee. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango hupunguza kasi ya akili na mwili. Upungufu wa vitamini B12 pia, na wazee wenye kisukari waliotumia metformin kwa miaka mingi wako kwenye hatari hiyo. Kaswende ya zamani na virusi vya Ukimwi vinaweza kufika kwenye ubongo, na kwa heshima zetu ni nadra mtu kuthubutu kumpima babu wa miaka 72. Mzee aliyegongwa na bodaboda au kuanguka bafuni anaweza kuvuja damu kidogo kidogo juu ya ubongo kwa wiki kadhaa. Akili inazorota, na upasuaji unaweza kumrudisha. Pombe huharibu kumbukumbu. Dawa za usingizi, na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti, humvuruga mzee kuliko kijana. Na wapo ambao hawasikii tu. Unamuuliza hili anajibu lile, wote wanaamini akili imekwenda, kumbe masikio yamezibwa na nta.

Dawa mpya

Kuhusu habari za ndugu wa ughaibuni tusichukue muda mrefu. Lecanemab ilipewa idhini kamili Marekani Julai 2023. Inapunguza kidogo kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo kabisa, haiurudishi nyuma. Ilipoidhinishwa ilitolewa kwa dripu kila wiki mbili na ilihitaji picha maalumu za ubongo au maji ya uti wa mgongo kabla ya kuanza, na inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu. Bei yake na vipimo vyake viko nje ya uwezo wa familia nyingi Afrika Mashariki. Isiwe sababu ya kuuza kiwanja.

Kilichojaribiwa hapa hapa ni kitu kingine. Wilayani Hai wazee wenye demensia walikutanishwa katika vikundi kwa vipindi 14 ndani ya wiki saba, wakazungumza, wakaimba, wakafanya michezo ya kuchangamsha akili iliyolinganishwa na mazingira yao. Uwezo wao wa akili na hali ya maisha yao viliboreka. Jaribio lilikuwa dogo, lakini halikuhitaji mashine.

Jina lina faida na lina hasara

Wanaopinga kutaja ugonjwa mapema wana hoja moja ambayo watetezi wa hospitali huikwepa. Siku daktari anapoandika neno demensia, mzee anaweza kupoteza kauli ndani ya nyumba yake. Watoto wanaanza kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Hati ya kiwanja inahamishwa kabati. Mmoja anachukua simu "ili amsaidie" na pesa ya kila mwezi inaanza kupungua njiani, iwe ni pensheni, Inua Jamii ya Kenya au Pencheni Jamii ya Zanzibar. Katika hatua za mwanzo mzee bado anajua anachotaka, ila anachoka kukieleza. Kumnyang'anya maamuzi yote kwa sababu ya dalili za kwanza ni dhuluma.

Upande wa pili una uzito wake. Ukisubiri hadi dalili zisifichike, unakuwa umechelewa kumuuliza wosia wake, nani amsimamie, shamba ligawanywe vipi, angependa kuishi na nani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa demensia aibu huja mapema zaidi, pale ndugu wanapofikishana baraza la kata kwa ajili ya kidole gumba kilichowekwa kwenye karatasi ambayo mwenyewe hakuielewa.

Mizani

Nikipima yote, siungi mkono kuwapima wazee wote, na siwezi kukubaliana na "uzee tu". Kilicho ndani ya uwezo wetu ni mabadiliko kuonwa nyumbani, sababu zinazotibika kutafutwa kwanza, na jina la ugonjwa kutolewa kwa uangalifu, mzee mwenyewe akiwepo.

Hilo lina kikwazo kimoja cha kifamilia. Anayeziona dalili kwanza mara nyingi ni mjukuu wa kike aliyeachwa kijijini, mkwe, au dada wa kazi, na hao ndio wasio na sauti kikao kinapokaa. Wenye sauti wanakuja Krismasi au Idi, wanakuta mzee amevaa vizuri na anaitikia salamu vizuri, wanarudi mjini. Yule anayeishi naye ndiye apewe nafasi ya kueleza: nini kimebadilika, tangu lini, mara ngapi. Aandike matukio na tarehe zake. Akienda hospitali na mzee, abebe mfuko wenye dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.

Mahali pa kwenda tayari papo. Kliniki za presha na sukari huwaona wazee kila mwezi, na muuguzi wa pale anaweza kumuuliza aliyemsindikiza kama kuna kazi ambayo mzee aliimudu mwaka jana na sasa inamshinda. Jibu likiwa ndiyo, zifuate hatua zisizo na ufundi mkubwa: masikio na macho yaangaliwe, dawa zipitiwe upya, presha na sukari zipimwe na zitibiwe kweli, damu ichukuliwe. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi, lakini ahadi hiyo haina maana kama dirisha la wazee linagawa vidonge vya presha tu bila mtu wa kuuliza swali hilo. Picha za ubongo na daktari bingwa wabaki kwa wale ambao hatua hizo hazijawapa jibu, na kwa wale ambao ugonjwa umewapata kabla ya miaka 65.

Ikithibitika ni demensia, mzee aambiwe, kwa lugha anayoielewa na mbele ya mtu anayemwamini. Kisha familia ikae naye mapema, angali na uwezo wa kusema ndiyo na hapana, iandike anachotaka kuhusu mali yake, matibabu yake na nyumba atakayoishi, na nakala ikae kwa mtu ambaye hana sehemu katika urithi.